Kupima Umeme Mdogo

Walio darasani wafungue daftari, kwani leo ziko hesabu chache.

Fundi wa redio ana mita yenye mshale na mistari 50. Akigeuza swichi yake penye 250, mshale ukifika mwisho ni volti 250, na kila mstari ni volti 5. Sasa chukua jiwe jipya la tochi, lenye volti 1.5. Mshale utatikisika tu. Jiwe lililochoka, lenye volti 1.2, litautikisa vile vile! Fundi atasema, "Mama, mawe yako ni mazima," kisha ataifungua redio bure, na Mama atalipa.

Geuza swichi penye 2.5. Jiwe jipya litafika mstari wa 30, lililochoka mstari wa 24. Tofauti hiyo hata mzee ataiona. Lakini pima redio ikiwa imewashwa, maana jiwe lililopumzika hudanganya.

Swichi hufanya nini? Hubadili kizuizi cha umeme kilichomo ndani, ambacho mafundi hukiita rezista. Kizuizi kikubwa ni kwa umeme mkubwa, kidogo ni kwa mdogo. Kwa hiyo usipime kamwe umeme wa nyumba, volti 230 au 240, swichi ikiwa penye 2.5, mita itaungua. Umeme usioujua, anza na kipimo cha juu kabisa, kisha ushuke.

Uko umeme mdogo zaidi, kama ule utokao katika maikrofoni. Huo hupimwa kwa mita yenye amplifaya, yaani chombo cha kukuza umeme. Hapa pana taabu. Nyaya za kupimia hunasa umeme wa nyumba, unaokwenda na kurudi mara 50 kila sekunde, nayo amplifaya hukuza yote, tunayoyataka na makelele. Fupisha nyaya, zisokote pamoja kama kamba, au tumia waya uliovikwa wavu wa shaba uliounganishwa na ardhi. Makelele mengine hupanda na kushuka ovyo. Kwa hayo, pima mara 4, jumlisha, ugawe kwa 4. Kwa kawaida yatapungua kwa nusu.

Zoezi: swichi ikiwa penye 10, kila mstari ni sehemu gani ya volti? Na jiwe jipya litafika kati ya mistari ipi? Mwalimu atasahihisha. Kwaherini.