Mchezo usiishie kwenye meli
Maneno tuliyosema mbele ya wanachama na wafadhili, hapa Kimanga

Mtusamehe kama sauti inakatika, betri za megafoni yetu zimezeeka.

Tulipoanza kikundi cha mchezo, kila mchezo wetu uliishia kwenye meli. Watu wanakimbia, wanavuka ziwa, wanakaa kambini kule Kigoma, kisha meli inawarudisha. Ngoma, vigelegele, basi. Na meli kwetu si hadithi tu. Mwaka 1997 ile Liemba peke yake, meli ya zamani ya Wajerumani, ilirudisha watu zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma mpaka Uvira, kwa safari 22. Kati yetu kuna waliorudi wakati ule, vita ikawakimbiza tena mwaka uliofuata, wakarudi mara ya pili baada ya 2005.

Wageni walikuwa wanalia wakiona mchezo ule. Tuseme ukweli: na sisi tulikuwa tumezoea kuwaliza, juu machozi yalikuwa yanaleta bashe na sabuni.

Siku moja, kabla hatujafunga, mama mmoja mwanachama alisimama. Akasema: «Wanangu, munamaliza fasi ile yangu inaanzia. Nilishuka mu meli, nikafika ku shamba, nikakuta mutu ameshalima. Sasa nifanye nini? Munichezee ile.»

Hatukuwa na jibu. Na kuongea habari ya kesho hapa Uvira si rahisi. Mnakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulivyobeba nyumba za watu usiku na mchana. Mtu aliyejenga mara tatu, ukimuuliza mwaka ujao atakuwa wapi, anakuangalia tu.

Tukarudi kwenye njia ambayo wengi mnaijua. Search for Common Ground, wale wa Centre Lokole, waliicheza sana Uvira na Fizi wakati watu walipokuwa wanarudi: mchezo wa kushirikisha watu. Asili yake ni kwa Augusto Boal, mtu wa Brazil, miaka ya 1970. Mnacheza mpaka pale jambo linapokuwa baya kabisa, mnasimama, mnauliza watu: nani aje hapa acheze vingine? Sisi tuliongeza kitu kimoja. Atakayeingia anacheza mwaka ujao, si leo.

Tulienda kucheza kwenye njia ya Baraka, karibu na mashamba yenyewe. Mrudiaji anafika, anamkuta mtu anapalilia mihogo. Maneno yanapanda, mpini unainuliwa. Tukasimamisha. Wa kwanza kuingia alikuwa mzee, akacheza anaita polisi. Watu wakapiga kelele: «Polisi naye atakula mihogo!» Tulicheka mpaka tukasahau kazi. Kijana wa pili akacheza yeye ni tajiri, anawanunulia wote mashamba mapya. Wakamtoa.

Kisha akaingia baba mmoja ambaye kila mtu pale alijua kwamba analima shamba si lake. Hakuchagua kucheza mwenye kulima. Alichagua kucheza mrudiaji. Alikaa chini, akainua jani la muhogo, akamuuliza mwenzake polepole: «Ulipanda lini?»

Ninyi mnaolima mnaelewa ulizo lile. Maharage unangoja miezi mitatu. Muhogo unakaa ardhini mwaka na zaidi, na ukimfukuza mtu leo, umemnyang'anya chakula cha mwaka mzima. Wakaanza kuhesabu pale pale, mbele ya watu: mwenye kulima achimbe mihogo yake yote, asipande mingine, mipaka iwekwe mbele ya wazee, na msimu ujao mwenye shamba aingie. Mama yetu alikuwa amekaa mbele, anasikiliza tu. Aliposimama, alisema: «Na nusu ya mbegu anipe.» Wakacheza tena, na nusu ya mbegu.

Wiki iliyofuata baba yule na mama yule walienda kwa wazee kweli. Waliandika karatasi. Kuna wengine wawili waliocheza siku ileile na mpaka leo hawasalimiani. Hilo nalo lisemwe.

Ndugu wafadhili, fomu zenu zinatuuliza ni watu wangapi waliangalia. Tunaandika. Hakuna mahali pa kuandika «Ulipanda lini?» Tunaomba manjanja bado, nyumba zinavuja. Lakini msikate pesa ya mchezo ili kuongeza manjanja. Ni pesa ya usafiri, ngoma mbili, na chakula cha wachezaji kumi na mmoja.

Mihogo ile bado haijaisha kuchimbwa. Wazee wamesema itakuwa tayari kabla ya mvua. Siku ya kuweka mipaka kikundi kimealikwa, na mama ameshatuambia atapika ndagala.