Mkutano ni wa Wote: Asiyeona Naye Apite

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo, Suji, wilaya ya Same)



Leo sikuleta somo la kuandika. Nataka tuzungumze juu ya viwanja vyetu vya mikutano. Uwanja hauna ukuta wala paa. Mtu atasema: mahali pasipo mlango hapamzuii mtu. Sivyo! Huku kwetu ni milimani. Ngazi za mawe na njia nyembamba ni mlango uliofungwa kwa mtu wa magongo au wa kiti cha magurudumu.

Niwasimulie jambo nililoliona. Katika kijiji kimoja, mimi nikiwapo, uliitishwa mkutano wa maji. Akaja mzee mmoja asiyeona. Ameshika ncha ya fimbo, na ncha ya pili ameishika mjukuu wake, msichana wa miaka 9 hivi. Kijana aliyewekwa kulinda akasema, "Karibu babu. Mtoto arudi, huu ni mkutano wa watu wazima." Mzee akasimama. Akauliza, "Na macho yangu nikayaache wapi?" Watu wakacheka. Mzee akageuka, akaenda zake. Siku ile tukaamua mahali pa kuweka bomba. Likawekwa chini ya ngazi 30 za mawe! Mimi nilikaa kimya, na mpaka leo jambo hilo linanichoma.

Ndugu zangu, yule kijana hakuwa mtu mbaya. Alishika kanuni bila kujua maana yake. Watoto huzuiwa ili wasipige kelele. Lakini yule mtoto hakuja kucheza. Alikuwa kazini.

Sheria yasemaje? Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Haikusemwa mkazi anayeona, wala mwenye miguu mizima. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2010 Bunge letu likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayotaka mahali pa umma pafikike na watu wote. Basi kumpa mtu njia si sadaka. Ni haki yake.

Katika nchi nyingine baadhi ya wasioona huongozwa na mbwa. Huko Ujerumani shule ya mbwa hao ilifunguliwa Oldenburg mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Marekani nao wana sheria ya mwaka 1990. Ikiwa mlinzi hana hakika, huuliza mambo mawili tu: Je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Amefundishwa kazi gani? Hadai karatasi, wala haulizi habari za ugonjwa. Mbwa akileta fujo na mwenyewe asimtulize, mbwa hutolewa, lakini mwenyewe hubaki.

Kwetu mbwa wa namna hiyo ni nadra. Hata hivyo kanuni ile inatufaa: usimtenge mtu na kinachomwongoza, kiwe mtoto, fimbo nyeupe au mbwa. Akija mgeni na mbwa wake, tusimrushie mawe, tusimchezee, tusimpe chakula. Tumpatie nafasi pembeni kidogo, maana wapo wenzetu wanaoogopa mbwa, na wapo ambao dini yao inawataka wajiepushe na mate yake. Nao wana haki.

Basi tufanye nini? Mambo matatu.

Kwanza, njia. Watu wa milima hii walichimba ndiva kwa msaragambo. Njia ya uwanjani itatushinda? Shikeni hesabu hii: kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za kwenda mbele. Kizingiti cha sentimita 20 kinataka mteremko wa sentimita 240, yaani mita 2 na sentimita 40. Upana usipungue sentimita 90. Na mlima ukikataa, mkutano uhame, ufanyike mahali panapofikika.

Pili, nafasi. Mbele kabisa, penye kivuli, pawe pa wenye ulemavu na wanaowaongoza. Kiziwi naye akae anapomwona msemaji usoni, na mtu anayejua lugha ya alama asimame hapo.

Tatu, mlinzi aelezwe kanuni hizi kabla ya watu kufika. Na yule mtoto anayeongoza tumhurumie. Mkutano usiitishwe saa za masomo, ili asiache shule kwa ajili yetu.

Wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Leo unapanda ngazi mbio, kesho huenda ukashikwa mkono. Njia tunayoitengeneza huenda ikawa yetu wenyewe.

Kazi ya nyumbani ni hii. Chukueni futi kamba, mkapime njia ya uwanja wenu. Andikeni ina ngazi ngapi, na nani katika kitongoji chenu haonekani mikutanoni. Nendeni mkamwulize kwa nini. Majibu yake yapelekeni kwa mwenyekiti wa kijiji.