Ethi Moja kwa Nyumba Nzima: Kukinga Redio ya Nyumbani na Antena Yake Dhidi ya Radi

Mada kwa semina ya waendeshaji redio ya ridhaa na mafundi umeme wa majumbani



Utangulizi

Mwenye redio ya ridhaa husimamisha chuma kirefu juu ya paa kwa hiari yake, kisha huivuta kebo yake hadi chumba anachokaa. Katika ukanda wetu jambo hilo si dogo. Vipimo vya setilaiti ya TRMM vya miaka ya 1998 hadi 2013 viliiweka Kabare, mashariki mwa Kongo, katika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi: mimweko zaidi ya 200 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Ziwa Victoria nalo ni kitovu kikubwa cha radi, hasa nyakati za usiku, saa zile zile ambazo waendeshaji wengi wa masafa mafupi huwa wameketi mbele ya redio zao.

Ushauri unaotolewa kila mahali ni mmoja: chimbia fimbo ya ethi chini ya mlingoti, umemaliza. Mada hii inasema ushauri huo ni nusu ya kazi, na nusu peke yake yaweza kuwa na hatari kuliko watu wanavyodhani. Kinachounguza redio, na kinachoweza kumuua aliyeishika, ni tofauti ya volti kati ya vitu viwili vinavyoguswa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya ethi ni kuhakikisha kila chuma cha nyumba hiyo kinapanda na kushuka kwa volti pamoja na vingine. Nyumba iwe na ethi moja.

Ushahidi

Tuanze na tukio la zamani ambalo mpangilio wake unafanana mno na wa nyumba zetu. Mwaka 1753, mjini St. Petersburg, profesa Georg Wilhelm Richmann alisimamisha fimbo ya chuma juu ya paa na kuuleta waya wake hadi kwenye kipimo cha umeme ndani ya nyumba. Waya ule haukuunganishwa na ardhi mahali popote. Wingu la radi lilipofika, Richmann akainama kukisoma kipimo. Umeme ukaruka kutoka kwenye chuma hadi kichwani mwake, akafa papo hapo. Radi ilikwisha kufika chumbani, na njia ya karibu ya kuendelea na safari yake kwenda ardhini ilikuwa mwili wa mtu. Kebo ya antena inayoingia dirishani bila kuungwa na ethi huko nje imepangwa vivyo hivyo.

Sasa tupige hesabu ya nyumba yenye fimbo ya ethi. Pigo la kawaida la radi hufika ampea 30,000 hivi. Tuseme fundi amefanya kazi nzuri na ethi ya mlingoti ina ukinzani wa omu 10, kiwango ambacho wengi wangekifurahia. Ampea 30,000 zikipita katika omu 10, mlingoti hupanda hadi volti 300,000. Hata tungeweza kushusha ukinzani hadi omu 1, jambo gumu sana katika udongo mkavu au wa mawe, bado tungebaki na volti 30,000. Anayeshindana na omu peke yake hawezi kushinda, kwa sababu hakuna ardhi itakayoipokea radi bila volti kupanda. Linalobaki kuulizwa ni hili: mlingoti ukishapanda, ni kitu gani kimebaki chini?

Katika nyumba nyingi, kinachobaki chini ni ethi ya umeme wa nyumba. Mlingoti una fimbo yake nyuma ya nyumba, mein swichi ina fimbo yake upande wa mbele, hazijaungwa. Kinachoziunganisha ni redio yenyewe: kebo ya antena inaingia kwa nyuma, na waya wa umeme unatoka kwenda soketini. Mlingoti ukiwa kwenye volti laki tatu na ethi ya soketi ikiwa karibu na sifuri, mkondo hupita katikati ya redio, na kama mkono wa mtu uko hapo, utapita humo pia. Mashua mbili zilizofungwa pamoja bandarini hupanda na maji yanapojaa bila kamba kukatika. Mashua iliyofungwa kwa kamba fupi kwenye nguzo ya gati ndiyo inayokata kamba au kuzama. Ethi mbili zilizotengana ni mashua na nguzo, na redio ndiyo kamba.

Kanuni za kitaalamu zimefikia uamuzi huo huo. Kanuni ya taifa ya umeme ya Marekani, NEC, katika kifungu cha 810, inataka fimbo ya antena ikiwa peke yake iungwe na ethi ya nyumba kwa waya wa shaba usiopungua namba 6, yaani milimeta za mraba 13 hivi. Viwango vya kimataifa vya IEC 62305 navyo vinaweka usawazishaji wa volti kati ya vyuma vyote kuwa nguzo mojawapo ya kinga ya ndani ya jengo.

Lakini kuunga peke yake hakutoshi. Pa kuungia napo pana uzito wake. Radi hupanda kwa kasi, na waya wowote hupingana na mkondo unaobadilika ghafla. Mkondo wa ampea 30,000 ukifika kilele chake katika mikrosekunde 2, kila meta moja ya waya ulionyooka huzaa volti zipatazo 15,000, hata kama ni shaba nene. Ndiyo maana waya wa ethi haukunjwi kona kali wala kuzungushwa koili, na ukanda bapa wa shaba ni bora kuliko waya wa mviringo. Ndiyo maana pia kebo zote ziingie nyumbani kupitia mlango mmoja. Nje ya ukuta, karibu na mein swichi kadiri inavyowezekana, lifungwe bamba la shaba. Ganda la nje la kila kebo ya antena likazwe kwenye bamba hilo, na kiini chake kipite katika kikinga chenye gesi, ambacho hukaa kimya siku zote na kufungua njia ya ardhini volti zinapopanda. Waya wa kuzungushia antena, waya wa dishi la televisheni na nyaya za paneli za jua nazo zipitie hapo zikiwa na vikinga vyake. Kutoka kwenye bamba, ukanda mfupi ushuke hadi fimbo ya ethi, iliyoungwa chini ya udongo na fimbo za mlingoti na ethi ya umeme. Redio ikiwa nyuma ya bamba hilo, kila waya unaoigusa una rejea moja.

Ufundi mdogo ndio huamua kama haya yatafanya kazi. Klampu iliyokazwa juu ya rangi haijaunga kitu. Rangi ikwanguliwe mpaka chuma kionekane. Shaba isikazwe moja kwa moja kwenye bomba lililopakwa zinki, kwa kuwa unyevu utaila zinki na baada ya misimu kadhaa kiungo kitakuwa kutu tupu. Kati yake liwekwe bati la chuma kisichoshika kutu.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba antena yenye ethi inaita radi. Radi huteremka kutoka kimo cha kilometa kadhaa, na huchagua pa kupiga inapobaki makumi ya meta tu. Hapo kinachoamua zaidi ni urefu na nafasi ya kitu. Mlingoti usio na ethi una urefu ule ule. Jengo la Empire State mjini New York hupigwa takribani mara 20 kwa mwaka, na antena zilizo kileleni mwake huendelea kurusha matangazo.

La pili ni la wanaosema chomoa kebo, inatosha. Kuchomoa ni desturi njema na iendelee, ila ifanyike kabla ya wingu kufika. Kebo iliyochomolewa na kuachwa mezani imeshaileta radi ndani ya chumba, na nafasi ya sentimeta chache haiwezi kuzuia volti zilizokwisha kuvuka hewa ya kilometa nzima. Tena mwenye nyumba akiwa safarini hakuna wa kuchomoa. Kebo ichomolewe nje, kwenye bamba, na ethi ibaki palepale.

La tatu hutoka kwa waendeshaji wazoefu: ethi ya redio ikichanganywa na ya umeme, kelele za taa na chaja huingia kwenye mapokezi. Kelele hizo ni za kweli, na dawa yake ipo: pete za feraiti kwenye kebo na kuzima chanzo chenyewe. Kutenganisha ethi ili kupata mapokezi safi ni kununua utulivu wa sikio kwa roho ya mtu.

La nne ni gharama, pamoja na wizi wa shaba. Hili lina uzito, na jibu lake ni kwamba shaba si lazima kila mahali. Ukanda wa chuma kilichopakwa zinki unakubalika katika viwango vya IEC ukiwa na unene unaotakiwa, na wezi hawauhangaikii sana. Fimbo kadhaa fupi zilizoachana kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo moja, zikaungwa chini ya ardhi, zinasaidia kuliko fimbo moja ndefu isiyopenya mwamba. Chumvi inayomwagwa kwenye shimo hupunguza ukinzani kwa muda, kisha mvua huichukua ikiwa imekwisha kuila fimbo. Fedha hiyo inunue fimbo ya pili.

Hitimisho

Hakuna mpangilio unaoweza kuahidi kwamba redio itapona kila pigo la moja kwa moja. Tunaloweza kuahidi ni kwamba mkondo mkubwa utabaki nje ya ukuta, na kwamba waliomo ndani hawatakuwa njia yake. Kwa hiyo naomba semina ikubaliane juu ya mambo matatu. Kila kituo cha redio kikaguliwe kabla ya masika, tukianza na swali moja: je, ethi zote za nyumba hii zimeungwa? Kazi ya kuunga ethi ya antena na ya umeme ifanywe na fundi umeme mwenye leseni, akishirikiana na mwendeshaji anayezijua kebo zake. Na mafundi wa dishi na paneli za jua wafundishwe kanuni hii hii, kwani nyumba zenye dishi ni nyingi kuliko zenye redio ya ridhaa, na radi haitofautishi kati yake. Ambako ethi bado ni mbili, mwenye nyumba aambiwe leo, na redio isiwashwe wingu la radi linapokaribia mpaka zitakapoungwa.