Okidi za Pori Letu na Amana ya Kuzilinda

(Matini ya mazungumzo kwa jamaa za misikiti, Mkoa wa Singida)



Ndugu waumini, wazee wetu, mama zetu na vijana. Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukusanya hapa, tunaomba leo tuzungumze juu ya mmea ambao wengi wetu tumeupita, na pengine kuukanyaga, tukielekea kwenye mizinga ya nyuki au kutafuta ng'ombe aliyepotea. Mmea huo huitwa okidi.

Okidi za mapori ya miombo huishi kwa namna mbili. Zipo zinazokaa juu ya miti. Mashuhuri miongoni mwake, katika mapori ya joto ya nchi yetu, ni ile ambayo wataalamu huiita Ansellia africana, yenye maua ya manjano na madoa ya hudhurungi mithili ya ngozi ya chui. Baadhi ya watu huikwangua wakidhani inaunyonya mti. Hainyonyi kitu. Hushikilia gamba tu, na mizizi yake myembamba husimama kuelekea juu, ikidaka majani makavu yanayooza na kuwa chakula chake. Aina ya pili huishi ardhini. Kiangazi chote haionekani, kwa kuwa uhai wake umejificha katika kiazi kidogo chini ya udongo. Mvua zinyeshapo, huchomoza katikati ya nyasi na kutoa ua.

Hiyo ya ardhini ndiyo iliyopatwa na msiba, na ni vyema tueleze yaliyotokea kusini mwa Tanzania kabla hatujasema lolote la kwetu. Nchini Zambia kipo chakula cha asili kiitwacho chikanda. Viazi vya okidi husagwa, vikachanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, kisha vikapikwa mpaka vishikamane kama mkate mzito. Zamani kilikuwa chakula cha vijijini, hususan kwa Wabemba. Mijini kilipopata wapenzi wengi, viazi vya huko vikapungua, na wanunuzi wakageukia Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Utafiti wa Tim Davenport na Henry Ndangalasi, uliochapishwa mwaka 2003, ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivushwa kwenda Zambia kila mwaka, na kwamba huenda aina 85 za okidi zilihusika.

Tuitafakari hesabu hiyo. Okidi ya ardhini kwa kawaida huwa na viazi viwili: kimoja kikuukuu kilichosinyaa, ambacho kimelisha shina la mwaka huu, na kingine kipya, kigumu, ambacho ni uhai wa mwaka ujao. Mchimbaji hutaka kile kigumu. Moto wa nyasi hupita juu na kukiacha salama, bali jembe hukifuata kilipo.

Hatuwalaumu waliochimba. Mama anayetafuta ada ya mtoto wake huuza kilicho karibu na mkono wake, na faida kubwa haikubaki kwake. Wala tusidhani kuwa ni jambo la majirani zetu tu. Waislamu wenzetu wa Misri, Sham na Uturuki hunywa kinywaji cha moto kiitwacho sahlab, nacho asili yake ni unga wa viazi vya okidi. Kilo moja ya unga huo huhitaji viazi zaidi ya 1,000, na Uturuki ililazimika kupiga marufuku kuuza unga huo nje ya nchi.

Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji waliuita Bustani ya Mungu na ambao una aina 45 za okidi, ulifanywa Hifadhi ya Taifa. Hatua hiyo ilikuwa njema. Lakini soko halikufa, lilihama. Viazi viliendelea kutafutwa hata Kongo, Angola na Msumbiji. Na biashara inayohama hupendelea pori ambalo wenyewe hawaijui thamani yake. Hapo ndipo Singida inapoingia katika maneno yetu.

Huenda mtu akauliza: kwa nini tusizilime? Kwani vanila, inayolimwa Kagera, si okidi pia? Ni kweli. Lakini vanila hukubali kupandwa kwa kukata kipande cha shina. Okidi zetu za ardhini hazina shina la namna hiyo. Mbegu zake ni vumbi tupu. Tumba moja laweza kubeba maelfu kwa maelfu, na hakuna hata moja iliyopewa akiba ya chakula. Ili ichipue, sharti ikutane na kuvu maalumu ndani ya udongo, ambao huilisha katika utoto wake. Mfaransa Noël Bernard aliligundua jambo hili mwaka 1899. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani alionesha kuwa mbegu zaweza kuchipua ndani ya chupa safi yenye sukari na virutubisho, bila kuvu, lakini hiyo ni kazi ya maabara. Anayeing'oa okidi porini na kuipanda uani kwake ameitenga na udongo unaoilea, na mara nyingi hufa katika msimu wa pili au wa tatu.

Basi bustani ya okidi zetu ni pori lenyewe, na mkoa huu unajua kulinda pori. Katika miaka ya 1990 vijiji vitano vya Singida vilijitwika ulinzi wa msitu wa miombo wa Mgori, wenye takriban hekta 40,000. Kila kijiji kilishika sehemu yake, kikatunga sheria ndogo na kutoa vijana wa doria. Watu hao hawakuwa na magari wala mishahara. Sisi tunaliona jambo hilo kuwa kubwa kuliko mabango mengi tuliyoyasoma barabarani.

Kuna kazi moja ya mikono ambayo kila nyumba yaweza kuifanya. Mti ulioangushwa na upepo ukikutwa na okidi ya juu ya miti, mmea huo ufe bure kwa nini? Kwa ruhusa ya uongozi wa kijiji, uchukuliwe pamoja na gamba lake, ufungwe kwa kamba ya katani kwenye mti hai wenye kivuli chepesi. Usifukiwe udongoni, utaoza. Kiangazi upunguziwe maji, kwa kuwa huo ndio wakati wake wa kupumzika. Na asiuuze mtu kwa mgeni: okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, na kuzivusha mpaka bila kibali ni kosa.

Kwa warina asali wa Manyoni, Itigi na Mgori tuna ombi. Mvua za kwanza zitakaponyesha, kila atakayeona okidi aandike jina lake kwa Kinyaturu, Kinyiramba, Kikimbu au Kigogo, mwezi ilipochanua na mti au udongo ilipokutwa, kisha ampe katibu wa msikiti wake. Asiing'oe kuja kutuonesha. Tutamfuata huko huko porini.

Wabillahi tawfiq.