Mto Ukishuka, Mvuvi Afanye Nini?

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya wavuvi na mama karanga wa Ghuba ya Ungwana)



Tumeombwa tuzungumze juu ya mvua na uvuvi. Mnaijua bahari hii kutushinda, kwa hiyo hatukuja kuwafundisha kutupa nyavu. Tumekuja kwa sababu ya ugomvi unaorudi kila mwaka katika vikundi vingi: mvua ikikolea, maji yanakuwa mekundu, samaki wanapotea, na mkopo wa nyavu haulipwi. Mweka hazina anadai, mvuvi anajificha, kikundi kinavunjika. Tukiuelewa mto, ugomvi huu unaweza kupungua.

Kwanza, maji haya yanatoka wapi? Mto Sabaki unaanza mbali, upande wa Nairobi, ukiitwa Athi. Unapita Machakos na nchi ya Ukambani, unaungana na Tsavo na kuitwa Galana, halafu ndio huu Sabaki unaoingia baharini kati ya Malindi na Mambrui. Tana nayo inatoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, inapita kwenye mabwawa ya umeme, inashuka Garissa na Garsen hadi Kipini. Kwa hiyo mto unaweza kufurika na hapa kwenu hakujanyesha hata tone. Ukisikia redioni kwamba Ukambani kunanyesha sana, au kwamba bwawa la Masinga limejaa na maji yanamwagika, hiyo ni habari yako wewe mvuvi. Una siku kadhaa za kujiandaa.

Sasa hebu tuangalie hiki kioo. Tumetia maji ya bahari mpaka nusu. Haya mengine ni maji ya mto, tunayamimina polepole juu ya kijiko. Mnaona? Yamekaa juu. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi karibu gramu 35, kwa hiyo ni mazito kuliko maji baridi ya mto. Ndivyo inavyokuwa kwenye mlango wa mto: maji mekundu yanaelea na kutandaa juu, na ya chumvi yako chini. Samaki asiyependa maji baridi anashuka chini au anahamia mbali. Ndiyo maana nyavu ya kuelea hurudi na majani matupu, na jirani aliyezamisha mshipi mpaka chini, nje kidogo, akapata kitoweo. Lakini msichukue jambo hili kama sheria. Ghuba yetu si ya kina kirefu, na kusi ikivuma, tena wakati wa bamvua, maji yote huchanganyika.

Wazee wanajua pia ule mstari wa povu na takataka, mahali maji mekundu yanapokutana na ya buluu. Vyakula vidogo hukusanyika pale na samaki huvifuata. Lakini pale pale pana magogo yaliyoletwa na mto, na gogo moja linararua nyavu ya mkopo kwa dakika. Mafuriko huwasukuma pia mamba na viboko karibu na milango ya mito. Mwenye mtumbwi mdogo asiende peke yake.

Upepo nao una kazi yake. Wakati wa kaskazi maji ya Sabaki husukumwa kusini, ndiyo maana ufuo wa Malindi huwa mwekundu msimu wa watalii. Wakati wa kusi husukumwa kaskazini, kuelekea Mambrui na Ngomeni. Mvua ile ile huwaumiza watu tofauti kulingana na mwezi.

Je, mafuriko ni hasara tu? Hapa ndipo tunaomba mtusikilize vizuri, maana ndiyo sababu hasa ya safari yetu. Kamba hutaga mayai baharini. Watoto wake, wadogo sana, huingia kwenye mikoko na vijito vyenye maji ya chumvi kidogo, na hukulia humo kwa majuma mengi wakila uchafu wa majani yaliyooza. Mvua kubwa ikija, maji baridi huwasukuma watoke kwenda ghubani, na huko ndiko wanakokuwa kamba wa kuuzwa. Mto pia huleta mbolea ya udongo inayolisha viumbe vidogo ambavyo samaki hula. Ndiyo maana mvua ikikosekana kabisa, kamba huwa haba, na baada ya mto kushuka vizuri kamba huonekana. Maji yaliyokulaza njaa mwezi huu ndiyo yanayotengeneza pato la miezi inayofuata.

Basi angalieni kinachotokea. Katika majuma hayo ya njaa, mtu anachukua chandarua, anakitega kwenye mdomo wa kijito na kuzoa kila kinachotoka. Anasema ni uduvi. Wengi wao si uduvi, ni watoto wa kamba. Ndoo moja anaiuza kwa bei ya chini, na wale wangekaa kidogo wangeuzwa kwa kilo. Tunajua mtasema: na meli je? Ni swali la haki. Meli za kukokota zilisimamishwa mwaka 2006, na baadaye zikarudi kwa masharti. Mtetee mipaka yenu kupitia BMU zenu bila kuchoka. Lakini kijito cha nyuma ya nyumba yenu hakivuliwi na meli.

Tena si kila tope ni baraka. Udongo ukizidi hufunika nyasi za baharini anakolisha tafi, na huua matumbawe. Udongo huo ni shamba la mtu wa bara lisilo na matuta. Wasomaji wetu wa Machakos na Kitui, mnaposoma haya, jueni kwamba mnachopoteza shambani kinatua hapa.

Akina mama, neno moja. Chaza na kome huchuja maji wanamokaa, na mafuriko hubeba uchafu wa vyoo. Baada ya mafuriko msile wala msiuze chaza wabichi, wapikeni waive kabisa. Na samaki msiwaoshe kwa maji ya mto.

Turudi kwenye mkopo. Tuseme kikundi kimekopesha shilingi 24,000 za nyavu kwa miezi 12. Wengi hugawa sawa, shilingi 2,000 kila mwezi. Ni rahisi kuandika, lakini bahari haitoi sawa kila mwezi. Mvuvi akikosa miezi miwili tu, anakimbilia kwa tajiri wa samaki, na kuanzia hapo tajiri ndiye anayepanga bei. Badala yake, chagueni miezi minne iliyo mibaya kwenu, mlipe shilingi 500 kila mmoja, na miezi minane iliyobaki shilingi 2,750. Jumla ni ile ile 24,000. Mama karanga naye apangiwe hivyo hivyo, maana samaki wasipokuja, kikaango chake kiko baridi.

Ni miezi gani minne? Hatutawachagulia. Wa Kipini si kama wa Ngomeni, na anayevua kamba si kama anayevua papa. Kila kikundi kiwe na daftari: tarehe, rangi ya maji, upepo, kilo zilizouzwa na bei. Kijana mmoja anayejua kuandika anatosha. Masika na vuli zikipita, mtakuwa na ushahidi wa kumwonyesha mweka hazina.

Madaftari tumekuja nayo, yako mezani kwa katibu, moja kwa kila kikundi. Sasa tuko tayari kwa maswali, na tungependa akina mama waanze.