Paa Lako na Pumzi ya Mwenzako

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8

Watu wa pande za Mlima Kenya wanaujua vizuri wakati huu wa mwaka. Mvua ndefu zimekwisha, jua halionekani tangu asubuhi mpaka jioni, ukungu umelala juu ya majani ya chai, na kila mtu anatafuta mahali pa kuota moto. Kuanzia Juni mpaka Agosti baridi ndiyo inayotawala huku kwetu. Kwa hiyo leo nataka tuzungumze juu ya nyumba, paa lake na moto wake.

Pengine utasema, "Hayo ni maneno ya fundi, si ya mhubiri." Lakini fungua Biblia yako. Katika sura ile ile inayotuagiza kumrudishia ndugu yetu ng'ombe aliyepotea, Musa anamwambia mtu anayejenga nyumba mpya azungushe ukuta mdogo juu ya paa lake, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile.

Mapaa ya Waisraeli yalikuwa bapa. Watu walipanda juu kupunga upepo, na wakati wa joto walilala huko. Rahabu aliwaficha wapelelezi juu ya paa, na Petro alipanda juu ya nyumba kule Yafa ili aombe. Basi paa lilikuwa mahali pa kukaa watu, na asiyeweka ukuta alikuwa ameweka mtego.

Angalia mambo mawili, ndugu msikilizaji. Kwanza, sheria hii haiulizi kama mwenye nyumba alimsukuma mtu. Yatosha kwamba palikuwa na hatari nyumbani mwake, naye hakuiondoa. Pili, ukuta unajengwa nyumba ikiwa mpya, yaani kabla mtu hajaanguka. Upendo hautangoji kilio ndipo utafute nyundo.

Lakini mapaa yetu hayako bapa. Hakuna alalaye juu yake. Sisi tunalala chini yake. Ukuta wetu ni upi basi?

Zamani nyumba ya Mgikuyu ilikuwa ya duara, na paa lake la nyasi. Moto uliwaka katikati kati ya mafiga matatu, na moshi ulipenya polepole katika nyasi ukatoka nje. Sisemi nyumba ile haikuwa na madhara, maana macho na vifua viliumia. Hata hivyo paa lile lilipitisha hewa. Kisha yakaja mabati. Katika miaka ya 1960 akina mama wa Mkoa wa Kati walijiunga katika vikundi vilivyojulikana kama vikundi vya mabati. Walichanga fedha zao wakaezeka nyumba ya mmoja, kisha ya mwingine, mpaka kila mwanachama akapata paa la bati. Hiyo ilikuwa kazi njema, na nyumba nyingi ziliacha kuvuja kwa sababu yake.

Lakini bati halipumui. Tukaongeza dari, tukaweka madirisha ya vioo, tukaziba kila ufa. Halafu Julai inapofika, tunaingiza jiko la makaa chumbani, tunafunga mlango, na tunasukuma matambara katika matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha. Hapo ndipo mauti huingia pasipo kubisha hodi.

Makaa yanapoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, basi damu huacha kuubebea mwili kile unachohitaji. Mtu huumwa na kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, viungo humlegea. Aliye macho aweza kutoka nje. Aliyelala hazidishi ila usingizi. Si mara moja wala mbili tumesikia habari za watu waliolala pamoja na jiko, na majirani wakavunja mlango asubuhi.

Wengine husema, "Mimi huliwasha jiko nje kwanza, moshi ukiisha ndipo naliingiza." Ndugu yangu, moshi si sumu ile. Makaa mekundu yasiyo na moshi hata kidogo bado yanaitoa. Sufuria ya maji juu ya jiko haiiondoi. Hata jiko lenye kauri ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980 na ambalo hupunguza matumizi ya makaa, halifai kulala nalo.

Basi tufanye nini, nasi tunasikia baridi kweli? Tuanze juu, kwenye paa. Mara nyingi jiko huingizwa chumbani kwa sababu chumba kina unyevu, na unyevu huo umetoka kwenye bati linalovuja. Chagua siku kavu. Usipande peke yako. Mtu akushikie ngazi. Kanyaga penye mstari wa misumari, kwa maana chini yake pana mbao. Msumari wa bati hupigiliwa juu ya tuta, si katika bonde, kwa sababu maji hupita bondeni. Weka raba chini ya kofia ya msumari. Bati la juu na lilale juu ya la chini kwa sentimita 15 au zaidi. Tundu dogo la kutu laweza kuzibwa kwa lami. Bati lililooza libadilishwe. Safisha na mfereji wa maji, kwa kuwa majani yakiujaza, maji hurudi ukutani.

Ukiona matone alfajiri na usiku haikunyesha, usilaumu misumari. Ni pumzi za waliolala zilizopanda zikakutana na bati baridi, zikageuka maji. Dawa yake ni dari, hata ya mbao nyepesi. Dari huzuia joto lisitoroke kupitia bati, nayo matundu ya hewa yakiachwa wazi hutoa unyevu. Ziba upepo chini ya mlango ukitaka, lakini matundu ya juu usiyaguse. Hayo ndiyo ukuta wetu mdogo.

Anayeweza na ajenge meko yenye bomba la moshi, nalo bomba lipite juu ya kilele cha paa, lisiguse mbao, na mahali linapotokea pazibwe vizuri. Asiyeweza, na apikie mahali penye mlango au dirisha wazi, kisha jiko litoke nje kabla ya kulala. Kitandani tumia blanketi na chupa ya mpira yenye maji ya moto. Na ukimkuta mtu amezimia penye jiko, usianze kuuliza maswali. Fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa safi, kisha mkimbize hospitali iliyo karibu, iwe ni Tumutumu, Nyeri au Nanyuki, akapewe oksijeni.

Sasa nataka kusema na watu watatu. Wewe mzazi, usingoje mtoto wako aliyepanga chumba mjini ajifunze mwenyewe. Mwambie leo, kisha mpatie blanketi la pili.

Wewe mwenye nyumba za kupangisha, unayeketi kiti cha mbele kanisani kila Jumapili, je, vyumba vyako vina matundu ya hewa? Umejenga vyumba kumi pasipo mahali pa kupikia, kisha ukaandika mlangoni kwamba jiko haliruhusiwi. Mpangaji wako atapika wapi, na mvua inanyesha? Sheria ya Musa haikumpa mwenye nyumba ruhusa ya kuandika kibao badala ya kujenga ukuta.

Na wewe mzee wa kanisa, tumchangie fundi anayetengeneza paa la kanisa, ni vema. Lakini yuko mama mjane pale nyuma ya kanisa ambaye bati lake limeoza, na yuko mlinzi wa usiku anayelinda mali yetu ndani ya kibanda chenye mlango mmoja na jiko miguuni. Akina mama wa miaka ya 1960 hawakungoja serikali. Walihesabu shilingi zao wakaezekana. Vijana wetu wawili, ngazi moja na misumari ya Jumamosi moja vyaweza kuokoa nyumba nzima. Na huyo mlinzi, apewe koti zito, na kibanda chake kitobolewe dirisha.

Wapenzi wasikilizaji, Mungu ndiye aliyempulizia mwanadamu pumzi ya uhai puani. Pumzi hiyo si mali yetu. Imewekwa chini ya mapaa yetu tuitunze. Usiku huu, kabla hujazima taa, inua macho uangalie tundu lililo juu ya dirisha. Kama lina tambara, litoe. Kama jiko lingali ndani, litoe. Ndipo uombe.

Na tuombe. Ee Baba, uliyetupa nyumba na watu wa kukaa nao, tusamehe pale tulipojali ukuta na tukamsahau aliye ndani. Utupe mikono ya kutengeneza kabla ya msiba. Walinde wote wanaolala katika baridi usiku huu, na utuonyeshe yupi kati yao ametupasa sisi kumfikia. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.