Mkutano Mkuu wa Kijiji na Tatizo la Muhtasari
(Mada kwa watendaji na wenyeviti wa vijiji)



Nimeombwa nieleze nafasi ya mkutano mkuu wa kijiji katika demokrasia ya serikali za mitaa. Mengi mnayajua, nitayapitia haraka. Ibara ya 146 ya Katiba inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaufanya mkutano huu kuwa mamlaka ya juu kijijini, na mjumbe wake ni kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, ni mtekelezaji. Mkutano huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Hayo yanatosha.

Tatizo lenyewe

Kifungu cha 8 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kinaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Kwa hiyo mwombaji wa shamba anachotafuta ni muhtasari wenye mahudhurio. Akishaupata, kama watu walikutana au hawakukutana hakuna anayeuliza.

Nimepitia mafaili ya aina hiyo kwa miaka, na mtaniwia radhi nisipotaja halmashauri yoyote. Ukurasa wa kwanza una kichwa, tarehe na ajenda. Kuanzia wa pili ni majina na sahihi tu. Chomoa pini, badilisha ukurasa wa kwanza, bana upya: waliokuja kuchukua vyandarua wameshatoa ekari mia. Katika faili moja safu ya mwisho bado ilisomeka "idadi ya vyandarua", namba zimekatwa kwa kalamu nyekundu.

Wapo wasiofikia kughushi. Mkutano unafanyika kweli, ila ardhi inafichwa kwenye Mengineyo, saa kumi na mbili jioni, akina mama wameshawahi kwenda kupika. Muhtasari unaandikwa: "Wajumbe wote waliafiki."

Tunajitetea kwamba muhtasari huthibitishwa kikao kinachofuata. Kikao hicho ni miezi mitatu mbele, kikiitishwa. Trekta limeshalima.

Sisemi watendaji ni wezi. Wengi hawana hata shajala, na wapo wanaopigiwa simu usiku kwamba muhtasari uwe umefika wilayani kesho asubuhi. Hilo lina wenyewe. Linahitaji semina yake.

Mapendekezo

Kila ukurasa wa mahudhurio uandikwe jina la kijiji, tarehe na ajenda. Ajenda ya ardhi itangazwe mapema kwenye vitongoji vyote, isiingizwe Mengineyo. Mikutano ianze mchana. Mikono ihesabiwe, na waliokataa waandikwe idadi yao. Uamuzi wa ardhi usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo siku hiyohiyo. Ofisi ya ardhi ya wilaya isiupokee muhtasari bila kuwauliza wenyeviti wa vitongoji. Taarifa ya mapato na matumizi isomwe kila robo mwaka. Isiposomwa, watu huacha kuja, na mahudhurio ya kughushi huanzia hapo. Narudia: tarehe kila ukurasa.

Naomba mjadala uanze na lile la wenyeviti wa vitongoji, kwa kuwa baadhi ya wanasheria wetu wameshaniambia litachelewesha wawekezaji.